Maisha ya Adriano Atiman, Mganga na Katekista wa Karema

Katika vitabu vya Yubilei ni desturi kuandikwa majina ya maaskofu na mapadre walioanzisha misheni, na miaka ya kujengwa makanisa, na hesabu ya waliobatizwa. Desturi hiyo ni njema, nasi hatuiondoi. Lakini sisi makatekista wa Babati tumeona yafaa kitabu hiki kiwe pia na habari za mtu mmoja ambaye hakuwa askofu wala padre, wala hakuzaliwa katika nchi hii, wala makao yake hayakuwa karibu nasi. Aliuzwa utumwani angali mtoto, kisha akawa mwungwana, akawa mganga na katekista, akakaa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, muda wa miaka 67, hata mauti yakamkuta huko. Jina lake ni Adriano Atiman.

Sababu zetu za kumchagua ni mbili. Ya kwanza, wamisionari walioleta Injili katika vilima vya Wairaqw, wakakaa Tlawi mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa ni Mapadre Weupe, yaani shirika lile lile lililomkomboa Adriano na kumsomesha. Hayo yalikuwa zamani kabla nchi ya Mbulu haijawekwa kuwa Prefektura mwaka 1943, na kabla haijawa Jimbo mwaka 1953. Basi chemchemi yetu na yake ni moja.

Ya pili ni hii. Siku hizi hapa Babati twasikia sana maneno ya haki na usawa. Wako watu wa papa hapa, na vyama vyao, wanaowatetea wajane walionyang'anywa mashamba, na watoto wenye ulemavu waliofichwa majumbani, na wasichana walioachishwa masomo. Kazi hiyo ni ya kusifiwa. Lakini mara nyingi twaiona kama sadaka tu, kana kwamba kazi yote imekwisha pindi mwenye shida anapotolewa katika shida yake. Maisha ya Adriano Atiman yatuonyesha kwamba kumtoa mtu kifungoni ni mwanzo tu wa haki. Lililo gumu huja baadaye, yaani kumfanya awe mtu kati ya watu.

Kutekwa kwake

Adriano alizaliwa karibu na mwaka 1866, katika kijiji cha Tundurma, si mbali na mji wa Timbuktu, kwenye mto mkubwa uitwao Niger. Nchi hiyo leo huitwa Mali. Iko Afrika ya magharibi, mbali sana na kwetu, lakini mateso ya watu wake siku zile yalifanana na mateso ya watu wa huku. Watekaji walivizia watoto, wakawakamata, wakawauza. Atiman naye alikamatwa angali mtoto mdogo. Akachukuliwa mpaka Timbuktu, akauzwa kama iuzwavyo mbuzi sokoni, kisha akavushwa jangwa la Sahara pamoja na msafara, kuelekea kaskazini mpaka Aljeria. Njia hiyo ni zaidi ya kilometa 1500, na sehemu kubwa yake ni mchanga na mawe, bila mto wala kivuli.

Wasomaji wetu wazingatie jambo moja. Aljeria wakati huo ilikuwa chini ya Wafaransa, na sheria ya Wafaransa ilikuwa imepiga marufuku utumwa katika makoloni yao yote tangu mwaka 1848. Hata hivyo misafara ya watumwa iliendelea kufika katika miji ya kando ya jangwa karibu miaka 30 baadaye. Sheria ilikuwapo, ila hapakuwa na mtu wa kusimama penye njia na kuitimiza. Ndivyo ilivyo sheria isiyo na watu wa kuitetea: hukaa katika karatasi, na mwenye nguvu hupita kando yake.

Franka mia tatu

Mwaka 1876, mtoto huyu akiwa na umri wa miaka kumi hivi, Mapadre Weupe walimwona, wakamkomboa kwa franka 300. Hiyo ndiyo bei aliyopewa mwenye mali. Twasema mwenye mali, ijapokuwa moyo wetu wakataa neno hilo, kwa sababu katika macho ya soko la siku zile mtoto alikuwa mali.

Tendo hilo lilikuwa la huruma kubwa, lakini lilikuwa na ugumu ndani yake, wala haifai kuuficha. Mwenye kulipa fedha ili mtumwa mmoja awekwe huru ampa mwizi faida, na mwizi hurudi njia yake kuteka wengine. Aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, Kardinali Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, hakuridhika na kukomboa mmoja mmoja. Mwaka 1888, akiwa mzee wa miaka 62, alizunguka miji mikuu ya Ulaya. Alihubiri Paris tarehe 1 Julai, na London tarehe 31 Julai, na Brussels tarehe 15 Agosti, akiwadai wafalme na raia biashara yenyewe ikomeshwe kule kule ilikoanzia. Wakuu wa mataifa wakakutana Brussels, na mwaka 1890 wakatia sahihi mapatano ya kuipinga biashara ya watumwa. Twajua kwamba wengi wa wakuu hao walikuwa na shauku ya kujigawia nchi za Waafrika, na vita vya watumwa viliwapa sababu ya kuingia. Lakini hilo haliwafanyi watekaji kuwa wema, wala haliondoi thamani ya waliokombolewa.

Ugumu wa pili ulimhusu mtoto mwenyewe. Amekwisha kuwa huru. Je, ni wa nani? Kwa sisi Waafrika mtu asiye na ukoo ni kama mti uliong'olewa. Hana wa kumposea mke, hana wa kumlilia akifa, hana wa kumtetea barazani. Kwa hiyo mtoto aliyekombolewa na kuachwa hivi hivi ni mwungwana kwa jina tu. Kesho njaa itamrudisha kwa bwana mwingine. Adriano alibahatika kwamba waliomkomboa hawakumwacha njiani. Walimlea, wakampa masomo, naye alipokuwa tayari akabatizwa.

Masomo ya Malta

Siku zile wamisionari wengi wa Ulaya waliofika bara ya Afrika walikufa kwa homa muda mfupi baada ya kuwasili. Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe uliondoka pwani yetu mwaka 1878, na mkubwa wake mmoja, Padre Pascal, alikufa katika nchi ya Ugogo kabla ya kufika Tabora. Kardinali Lavigerie akafikiri kwamba watu wa Afrika wataongolewa na kuponywa na Waafrika wenyewe, na Wazungu kazi yao ni kuwaanzisha. Basi mwaka 1881 akafungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, akachagua vijana kati ya wale waliokombolewa utumwani, ili wajifunze uganga na upasuaji katika Chuo Kikuu cha huko. Atiman alikuwa mmoja wao.

Hapo ndipo sisi twaona tofauti kati ya huruma na haki. Huruma ingetosha kumpa kijana huyu chakula na jembe, na kumweka katika shamba la misheni awe mtumishi mwenye shukrani. Haki ilidai zaidi. Ilidai aaminiwe kwamba akili yake ni sawa na akili ya kijana mwingine yeyote, akae darasani, aushike mwili wa mwanadamu na kujifunza mifupa yake na mishipa yake, apimwe kwa mitihani ile ile. Mtoto aliyeuzwa sokoni akawa mwanafunzi wa Chuo Kikuu. Siku zile walikuwako Wazungu wengi, tena wenye elimu, waliosema kwamba jambo hilo haliwezekani. Kati ya waganga waliotoka Malta, Adriano ndiye aliyejulikana kuliko wote, na maisha yake ni jibu la kutosha kwa wasemaji hao.

Njia ya utumwa apanda kwa hiari

Mwaka 1888 masomo yalikwisha. Adriano alikuwa kijana wa miaka 22 hivi. Huenda mwingine angalitamani kurudi kwenye mto wa kwao na kumtafuta mama yake, au kubaki katika miji ya pwani ya Bahari ya Kati, ambako mganga hula vizuri. Yeye alikubali kupelekwa mahali asipopajua, kwa watu ambao lugha yao hajaisikia. Akaingia melini pamoja na wamisionari, akafika Unguja, akavuka mpaka bara, akaanza kutembea.

Njia waliyoishika ndiyo ile ya misafara ya kutoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji. Kwa njia hiyo walikuwa wameteremshwa maelfu ya watu wakiwa na minyororo shingoni, wakipelekwa Bagamoyo na kuvushwa Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa na Sultani Barghash mwaka 1873, lakini bara biashara ilikuwa haijaisha. Sasa mtumwa wa zamani aliipanda njia hiyo kwa miguu yake mwenyewe, bila kamba, akibeba vyombo vya kuponyea. Mwaka huo huo pwani iliwaka moto wa vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na nchi nzima ilikuwa katika fadhaa. Zaidi ya kilometa 1000 zilikuwa mbele yao. Mwanzoni mwa mwaka 1889 Adriano akaingia Karema.

Karema ya siku zile

Karema ilianzishwa mwaka 1879 na Wabelgiji waliojenga boma juu ya ziwa, nao mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, alikaa Kapteni Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu, akiwalinda watu na mashambulio ya watekaji. Karema yenyewe ilikuwa kimbilio. Walikusanyika pale watoto waliokombolewa, na wajane ambao vijiji vyao vilichomwa, na watoro waliokata kamba usiku. Kulikuwa na Wabende wenye nchi, na Wafipa, na Waholoholo, na watu wengine waliosahau hata jina la kabila lao kwa sababu walitekwa wadogo.

Fikirini basi mganga wao alikuwa nani. Hakuwa mtu wa kuwatazama kutoka juu. Alipomfunga kidonda mtoto mwenye alama ya pingu mguuni, alijua alama hiyo yatoka wapi. Huenda dawa zake zilikuwa chache, lakini ujuzi huu hakuna chuo kiwezacho kuufundisha.

Kazi yake

Adriano alikuwa na kazi mbili, na kwake zilikuwa kama moja. Alikuwa mganga, tena alikuwa katekista. Aliwatibu waliokuja misheni, na wasioweza kuja aliwafuata vijijini kwa miguu. Magonjwa ya mwambao wa ziwa siku zile yalikuwa mengi na makali. Kulikuwa na homa, na ndui, na ukoma, na mwanzoni mwa karne ya 20 malale ilienea kando ya Ziwa Tanganyika na kuua watu wengi. Kulikuwa pia na majeraha ya wanyama, na ya vita, na uzazi mgumu ambao huwaua wanawake hata leo wakikosa msaada.

Hakudharau uganga wa nchi. Alisoma dawa za Ulaya, lakini alijifunza pia miti na mizizi ambayo wazee wa huko waliijua, akatazama ipi yasaidia na ipi haina faida. Hili nalo ni sehemu ya haki. Mwenye elimu akija kwa watu na kuwaona kuwa hawajui kitu chochote, hata dawa yake ikiwa nzuri huwaacha wagonjwa wakiwa wadogo kuliko alivyowakuta. Adriano alikubali kuwa mwanafunzi kwa mara ya pili, na safari hii walimu wake walikuwa wazee wasiojua kusoma.

Wala hakuweka mipaka ya kabila au dini katika kuponya. Mbende na Mfipa, Mkristo na Mwislamu na asiyebatizwa, mwenye deni na mwenye mali, wote walikuwa wagonjwa wake. Mtu aliyenyang'anywa ndugu zake wote angaliweza kuuchukia ulimwengu, na nani angemlaumu? Badala yake alijifanyia udugu mpya, mgonjwa mmoja baada ya mwingine.

Nyumba yake

Hapo juu tulisema kwamba aliyekombolewa hana wa kumposea mke. Sasa tazameni lililotokea. Adriano alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende. Wenye nchi walimpa binti yao mgeni asiye na ng'ombe wala baba wa kusimama naye, mtu aliyewahi kununuliwa kwa fedha. Kwa ndoa hiyo Adriano alipata wakwe na mashemeji, na mahali pa kuketi katika baraza. Twamsifu Adriano, lakini yatupasa kuwasifu na Wabende, maana haki ya mgeni haitimizwi na mgeni peke yake. Lazima wenye nchi wafungue mlango.

Mwana wao Yosefu alisoma seminari, akapewa daraja ya upadre mwaka 1923. Baba alikuwa ameuzwa kando ya jangwa, na mwana akasimama altareni katika nchi ya mama yake. Kati ya mambo hayo mawili haikupita hata miaka hamsini.

Sheria zilivyokawia

Walimu wa shule watapenda kujua utumwa ulikoma lini katika nchi hii kwa sheria. Utawala wa Wajerumani haukuufuta mara moja. Ulizuia biashara na mateko, lakini uliwaacha mabwana na watumwa wao, ila ulitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ikawa mikononi mwa Waingereza, na ni mwaka 1922 ndipo ilipotoka sheria ya kuuondoa utumwa kabisa katika Tanganyika.

Basi Adriano alikuwa amekwisha kufanya kazi Karema miaka 33 kabla sheria ya nchi haijasema waziwazi kwamba watu wa namna yake ni huru. Hakuikalia sheria akiingoja. Tena sheria ilipofika haikuwa bure, maana ilikuta mahali ambapo watu wamekwisha kuzoea kumwona mtumwa wa zamani akiheshimiwa. Mambo haya mawili yahitajiana. Sheria bila mioyo iliyobadilika hupuuzwa, kama tulivyoona kando ya jangwa. Na mioyo mema bila sheria huwaachia wanyonge wategemee bahati.

Uzee wake na mwisho

Adriano aliwaona Wajerumani wakija na wakiondoka. Aliona Vita Kuu ikipiganwa hata juu ya maji ya Ziwa Tanganyika, na majeshi ya Wabelgiji yakipita, na bendera ya Waingereza ikipandishwa. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozieleza mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Jambo hilo si dogo. Watumwa waliovuka jangwa na waliovuka bahari walikuwa mamilioni, na karibu wote walikufa bila mtu kuwauliza habari zao. Huyu aliulizwa, akajibu, na maneno yake yakahifadhiwa. Uzeeni alipata pia nishani za heshima.

Alifariki Karema mwezi wa Aprili mwaka 1956, akiwa mzee wa miaka 90 hivi. Miaka mitano na miezi michache baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ikapata uhuru. Jina lake halikupotea. Mjini Sumbawanga iko hospitali ya Kanisa iitwayo kwa jina la Daktari Atiman, na wagonjwa wanaoingia mlangoni hulitaja jina hilo kila siku.

Yatupasayo sisi wa Babati

Mji wetu wa Babati, chini ya mlima Kwaraa na kando ya ziwa la viboko, ni mji wa watu wengi. Wagorowa ni wenyeji, na pamoja nao wako Wairaqw, Warangi, Wambugwe, Wabarbaig, Wanyaturu, Wachaga, na wengine waliofuata barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma. Tangu Babati ifanywe makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002, wageni wamezidi. Kwa hiyo swali la Karema ni swali letu: je, asiye na ukoo mahali hapa ana mahali pa kuketi?

Wala tusidhani kwamba waliotengwa ni wageni tu. Wazee wa nchi yetu ya Mbulu wanakumbuka desturi ya zamani, ambayo kwayo msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliondolewa kati ya watu, akaogopwa kama mwenye najisi. Desturi hiyo imefifia, lakini mzizi wake haujang'oka wote. Kwa miaka mingi msichana aliyejifungua alipoteza shule yake kabisa, hata mwaka 2021 serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurudi darasani. Mlango sasa umefunguliwa. Lakini msichana akirudi akakuta kicheko cha wenzake na ukimya wa mwalimu, mlango huo ni kama sheria ile ya Aljeria.

Hali kadhalika mjane. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema haki ya mwanamke ya kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Twaijua sheria hiyo. Lakini ni mara ngapi shauri la shamba la marehemu huamuliwa na shemeji zake chini ya mti, kabla mjane hajavua nguo za msiba? Na wenye ulemavu nao wana sheria yao ya mwaka 2010, inayowapa haki ya elimu na kazi na kuingia mahali pa watu wote. Hata hivyo kuna watoto ambao majirani hawajui kama wamezaliwa.

Makatekista wenzetu, ninyi ndio mnaojua nyumba za vigango. Mnapopita kuhesabu watoto wa mafundisho, ulizeni pia asiyeletwa. Walimu, mnapoandika majina ya darasa, tazameni ni jina gani lililopaswa kuwapo na halipo, mkaanzie hapo. Wazee wa halmashauri za parokia, panapokuwa na shauri la urithi, mwiteni mjane aketi katika kikao, asingoje nje kuletewa hukumu.

Tena msiishie katika kumtoa mtu kifungoni. Kijana asiyeona aliyejifunza kusoma kwa vidole apewe masomo ya kusoma kanisani siku ya Jumapili, si kwa kuonewa huruma, bali kwa sababu anajua kusoma. Msichana aliyerudi shuleni akiwa na mtoto afanywe kiongozi wa darasa ikiwa anafaa. Mgeni mwenye ujuzi wa hesabu ashike daftari la fedha za kigango. Adriano Atiman hakupata kuwa mtu kamili siku ile zilipohesabiwa franka 300. Alikuwa hivyo siku alipokabidhiwa wagonjwa, na siku Wabende walipomkabidhi binti yao.

Fedha za kukomboa huweza kutoka mbali, na mara nyingi zimetoka mbali. Lakini kazi ya kumpa mtu kiti hapa Babati haiwezi kufanywa na mtu wa mbali. Hiyo ni yetu, tuianze katika mwaka huu wa Yubilei.